Bia ya Wendell Bado Kidogo

Vermont, 19 Oktoba

Kwako dada Verna,

Naomba barua hii ikukute mzima huko Arizona, umekaa kivulini ukiwasengenya majirani. Mimi sijambo, ukiondoa magoti, meno na akili, na hiyo ya mwisho haikuwahi kunielemea. Majani yamewiva mekundu, baridi imeanza kuuma masikio, na kila duka limejaza bia za maboga. Nimeshaonja kumi na moja. Tisa ni mdalasini mtupu. Ya kumi ilinikumbusha mshumaa wa chooni kwa shangazi Eunice.

Ya kumi na moja ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Unamjua Tamsin, yule binti aliyenunua ghala la kaka Wendell baada ya mazishi. Siku hizi anapikia bia mle ndani. Jumamosi mchana nilikwenda na Clyde, fundi matairi aliyehamia kwetu mwaka jana. Njia nzima alinicheka, eti mzee mzima nahangaikia boga kama mama mjamzito. Nikamwambia anyamaze, yeye hata maji ya betri angeyasifu mradi yawe baridi.

Tamsin akatumiminia. Dada, nilimeza funda moja tu, nywele za shingoni zikasimama. Boga lililochomwa mpaka kingo zikaungua, kungumanga kwa mbali, kisha ule uchungu wa mwisho kama moshi wa majani. Bia ya Wendell, ile ile. Na unajua alivyokataa kumwambia mtu anavyoipika, akaapa atakwenda na siri hiyo kaburini.

Nilipogeuka kumwambia Clyde, yeye akagonga bilauri mezani mara mbili, akasema bado kidogo.

Umenielewa? Kila mwaka Wendell alionja pipa lake, akagonga mara mbili, akasema bado kidogo, hata bia ikiwa tamu kama dhambi. Ilibidi wewe umjibu kuwa imeiva, amimine, watu wana kiu. Ndipo anamimina. Clyde hakuwahi kumwona Wendell. Nikamuuliza nani kamfundisha utani huo. Akanikodolea macho, akaniuliza mimi nimeanza kunywa saa ngapi, maana yeye hajasema neno.

Kisha mama mmoja mgeni pale dirishani akagonga mara mbili. Bado kidogo. Mumewe naye. Ghala zima likawa linagonga, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyecheka wala kumtazama mwenzake. Tamsin akaninong'oneza kuwa ndivyo wanavyofanya tangu afungue pipa lile. Alidhani ni mila ya kijiji chetu, akaona haya kuuliza.

Nikamuuliza maboga kayatoa wapi. Akanipeleka nyuma ya ghala. Ya shambani yalikuwa yameungua na jalidi, ile baridi ya barafu, akasema, kwa hiyo alitumia yaliyojiotea kwenye shimo la samadi. Yeye hakupanda hata mbegu moja. Yalikuwa yamebaki mawili, Verna. Rangi yake ya kijivu.

Sasa kaa chini, kama umesimama. Umeandika kuwa unakuja tarehe 28, upande mlima na hiyo nyonga yako mpya, uweke maua kileleni nilikokwambia nimemwaga majivu ya kaka. Usipande. Hayupo.

Siku ile nilifika mwanzo wa njia, mvua ya barafu ikanyesha, nikakaa garini na kopo la majivu yake mapajani. Nikamwambia tutapanda kesho. Kesho ikawa wiki tatu. Mwishowe nikammwaga kwenye shimo lile lile la nyuma ya ghala, alimokuwa akitupa matumbo ya maboga miaka yote, nikijiambia hapo alipapenda kuliko kilele alichokipanda mara moja, tena kwa kusukumwa. Ile picha ya kilele niliyokutumia niliikata kwenye kalenda ya benki. Ulinipigia ukilia, ukanishukuru, nami nikapokea shukrani zako kama mwizi. Hilo ndilo linaloniuma.

Pipa limekwisha. Wendell, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa jimbo, sasa yuko tumboni mwa watu hadi Boston. Zilibaki chupa mbili, Tamsin akanipa, naye hataki kuziona tena. Sijazifungua. Nimezilaza juu ya blanketi, kwa sababu zikisimama juu ya meza zinagonga. Mara mbili, halafu kimya kirefu, kama mtu anayengoja kujibiwa.

Nimejaribu kumjibu mimi. Nimemwambia imeiva, nimemwomba na radhi. Anagonga tu. Sauti anayoingoja si yangu.

Kwa hiyo njoo, dada. Utanipiga ukishafika, fimbo nitakuandalia. Maua acha. Njoo umwambie.

Wasalimie wanao, na yule paka wako mnene. Clyde anakusalimu ingawa hakujui. Ameacha bia, anakunywa maziwa.

Ni mimi mdogo wako, mwongo wako wa siku zote,

Orrin Pelkey