Mafuta ya Nazi Ndani ya Piano

Jumatano, 23 Mei 1956
Kuanzia Raskazone mpaka Tongoni hakuna sikio kama langu mimi Shaame! Mbuzi akilia nyuma ya ukuta, najua kamba yake ina mafundo mangapi.

Leo Beatrisi, binti Mzee Laurenti karani wa mkonge, kaja bandani kwangu Makorora, ninakotengeneza baiskeli. Masika yameiharibu piano yao. Vibao vya kupigia vinanata, sauti zimelegea. Jumanne baba yake atarudi kutoka shamba na Bibi Kristina, mwalimu wa muziki. Akiridhika, atamchukua Beatrisi akafundishe watoto shuleni kwake, milimani. Nafasi ni moja tu.

Beatrisi kasema baba ameagiza aitwe fundi wa Mombasa, anataka nikampigie simu posta. Wa nini? Piano ni baiskeli iliyokaa kitako! Nimekwenda kwao, vigingi vya nyuzi vina kutu — nimevimiminia mafuta ya nazi. Kacheka: Fundi Mdomo, unaitengeneza au unaipika?

Ijumaa, 25 Mei
Nyuzi nilizokaza asubuhi, mchana zimelegea. Nakaza — zinalegea nikizitazama! Vigingi vinateleza kama kambare. Nimemwambia Beatrisi ni unyevu tu, itolewe uani, ifunguliwe, ipigwe jua. Kauliza, una hakika? Nikamjibu: Kwetu Pemba tumeanika karafuu miaka yote, itanishinda piano?
Tumeibeba na vijana wa jirani. Nzito kama dhambi.

Jumapili, 27 Mei
Ubao wa ndani umepasuka! Ufa unaingia kidole. Ya Rabi. Nimeziba kwa nta ya mshumaa, nikapaka rangi ya viatu. Beatrisi kaniona. Kageuka, kaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 28 Mei
Nimekwenda posta, nimepiga simu Mombasa. Fundi anasema wiki ijayo. Piano tumeirudisha sebuleni.

Jumanne, 29 Mei
Naandika nyuma ya jiko lao. Wako sebuleni, wanakunywa chai.

Beatrisi kacheza. Piano ililia kama sufuria zinazoanguka, naye akaenda nayo mpaka mwisho, mgongo wima. Bibi Kristina kafungua kifuniko, akanusa. Nani katia mafuta humu?
Mimi, akasema Beatrisi. Na juani nimeiweka mimi.
Mzee Laurenti kaniona mlangoni na spana. Na wewe, kijana?
Beatrisi kawahi: Huyo kaja kunitengenezea baiskeli, baba.
Nikasema — shikamoo mzee, naam, baiskeli.

Bibi Kristina kasema mikono ya Beatrisi ni mizuri, angemchukua leo hii. Ila binti anayeharibu chombo chake mwenyewe, vya shule atamkabidhije? Kasema atakunywa chai kwanza, ndipo aamue.

Vikombe bado vinagongana. Hatua chache tu, ningeingia, ningesema. Mdomo wote huu! Mafuta ni ujinga, jua ni ujinga. Lakini nilipoulizwa nilijua kila kitu, nikasema baiskeli.

Sasa wanasogeza viti. Kalamu chini, naingia.