Samaki Hawajadumaa

Baba Veronika,

Wali uko kwenye hotipoti. Samaki wape chakula kidogo tu, kinachobaki huoza na kuchafua maji. Ukiwaongezea maji, tumia ya ndoo ya bluu niliyoyakinga jana. Ya bomba yana dawa.

Tangu uwaongeze wengine kwenye tangi lile lile dogo, wamejazana na hawakui haraka. Na aina hii hukua polepole hata ikitunzwa vizuri. Nilikueleza hayo asubuhi kwa upole, ukawageukia wageni wako na kusema, "Nyumba hii kila kitu kimedumaa, samaki mpaka mtoto." Wakacheka, na wewe ukacheka.

Veronika alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha uji. Alikuja jikoni akaniuliza, "Mama, na mimi nitakua lini?" Uji hakuumaliza.

Tumekwenda Mgeta kwa bibi yake. ~~Tutarudi kesho.~~ Hapo nimefuta, kwa sababu hasira hazijaniisha. Ukitaka kuja kumchukua, njoo na hao waliocheka, umwombe radhi mbele yao.

Mimi,
Mama Veronika