Unga ku kichwa ya Furaha

Siku ya ine, magaribi

Sijue tena kama mujukuu wangu Furaha alipita egzame ya mwisho ya primeri ao hapana.

Asubui direkteri wa shule ya Furaha alitangaza: "Masomo yetu ilipata nane juu ya kumi." Nikawaza, Furaha iko mu ile masomo, basi na yeye njo alipata nane. Kwetu mwenye alipita banamumwangia pudra ku kichwa, lakini hatukuwa nayo. Nikamumwangia unga ya mihogo ku kichwa, nikamuzungusha kilima nzima nikiimba kama vile mi njo nilifanya egzame.

Mwalimu akatukuta ku njia.

"Papa, ni kusema mu batoto kumi, nane balipita. Majina itafika kesho na moto, ile pikipiki yenye inatoka Pinga."

"Mwalimu, ngombe ilivuka muto, mukia yake ikabakia ngambo?"

Alicheka tu. Mi mwenye nilifukuza chui na sauti, hesabu ya batoto inanishinda.

Ku nyumba nikaleta maji nimunawishe, mbele ya bantu kumucheka. Furaha akafunika kichwa na mikono.

"Koko, acha kwanza. Kama jina langu haiko, nitakuwa nimepita ata kwa leo tu."

Alilala na unga yake. Maji iko mu beseni.