Kitandiko cha mama yake Caritas

Recho, uko? Nisikilize kidogo.

Unajua ninavyokusanya vitandiko vya zamani vya pamba, vile vyenye vishada vya nyuzi. Leo nimeanika kile nilichopata mitumbani, soko la Mwanga. Jirani yangu Caritas akapita, akashika kiraka cha bluu pembeni.

"Kiraka hiki nilikishona mimi," akasema. "Dada, tulimzika mama nacho. Kijijini Kalinzi, mwaka jana."

Tulimzika nacho. Alisema hivyo mara mbili, polepole.

Nikadhani amekifananisha. Akafunua kiraka, nikaona herufi za jina la mama yake zimetariziwa.

Hakukidai. Aliuliza tu, "Ulipokinunua, kilikuwa na udongo?"

Nikamwambia hapana.

Recho, nilikifua mara tatu. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, nikadhani ni vumbi la sokoni.