Maziwa Kwenye Mti wa Bibi

Yeyo, mama yangu,

Leo asubuhi nimefuta majani ya ule mti wa Bibi kwa kitambaa kibichi, jani moja moja, kama alivyonifundisha nilipoanza kazi ya ndani kwake. Unakumbuka ulivyocheka nilipokusimulia? "Mti unaishi ndani, unaogeshwa kama mtoto, na mvua ipo nje?" Nikakujibu kwamba Wadachi kama Bibi wana mambo yao.

Nilikueleza pia kwamba jani lake likivunjika hutoa utomvu mweupe. Hapo ukaacha kucheka. Kwako huo ulikuwa oreteti, mti wa maombi ya uzazi, uwe umeota kwetu Moshono au kwenye chungu cha Mzungu. Nami mimba mbili zilikuwa zimenitoka.

Siku moja ukaja kwa Bibi na kibuyu cha maziwa bila kuniambia. Nilirudi kutoka kuchota maji nikakukuta sebuleni umepiga magoti, umeweka nyasi mbichi shinani, unamimina maziwa huku ukilitaja jina langu. Bibi alikuwa amesimama nyuma yako.

"Unamjua huyu mama?" akaniuliza.

Niliogopa kufukuzwa. Nikasema, "Ni mwuza maziwa tu, Bibi."

Kiswahili chako kilikuwa cha kuokoteza, lakini hilo ulilielewa. Ulinitazama, ukafuta mikono kwenye shuka yako, ukasema, "Ndiyo. Nauza maziwa." Bibi akayaonja yaliyobaki, akayapenda, akataka uyalete kila asubuhi.

Na ukaleta, Yeyo. Misimu miwili ya mvua, kwa miguu kutoka Moshono hadi mlango wa jikoni, nami nikikupokea kama mtu baki. Ulikuwa ukininong'oneza, "Mti wetu haujambo?" Nikajibu haujambo, ingawa ulikuwa umepukutisha nusu ya majani na udongo wake unanuka maziwa yaliyochacha. Sikuwahi kukukaribisha hata ukae kidogo. Naona aibu kuyaandika haya.

Kisha siku tatu hukuonekana, na kaka akaja na habari zako. Nilipoomba ruhusa ya kwenda msibani, nilisema aliyefariki ni shangazi. Niliporudi, Bibi akaniagiza nitafute mwuza maziwa mwingine.

Leo, nilipomaliza kufuta majani, nilimimina kikombe cha maziwa shinani mbele ya macho yake. Akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia kwamba yule aliyekuwa akileta maziwa ni mama yangu mzazi.

Akaniuliza kwa nini sikumwambia ukiwa hai. Nikachukua kile kikombe nikaondoka. Nimekaa jikoni, nimeacha mlango wazi, nakuita Yeyo kwa sauti.

Binti yako uliyemsitiri