Mahindi ya Shemeji Royce

Laurel Fork,
Virginia.
3 Novemba.

Mpendwa Kaka Orville,

Pokea salamu za nyumbani. Huko Alaska baridi imeshawabana? Mkeo na watoto wazima? Sisi tunapumua, ila macho ya Baba yanazidi kufifia. Daktari amemwambia wazi kwamba huu ndio msimu wake wa mwisho kushika bunduki.

Ndiyo maana nakuandikia nikiwa na hasira. Tangu majani yaanze kubadilika rangi nilikuwa nafuata kundi la bata mzinga wa porini pale ukingo wa juu wa mlima wetu, kwenye mialoni. Nilijua wanapochakura na mti wanaolalia. Nilimfundisha mbwa wangu Juno awavamie akibweka mpaka watawanyike, kisha alale kimya chini ya koti langu huku Baba akiwaita kwa filimbi yake ya mfupa. Unajua makinda wakipotezana na mama yao wanavyorudi wakilia. Yote hayo nilimfanyia Baba.

Siku moja kabla ya msimu kufunguliwa, nikapanda kukagua. Kaka, nilikuta mahindi yamemwagwa chini ya mialoni, gunia zima! Na alama za magurudumu ya Shemeji Royce hizo hapo.

Nilimfuata kwake papo hapo. Eti, “Mbona povu, shemeji? Nimemrahisishia mzee kazi.”

“Umemrahisishia? Umemfungia mlima! Hujui kuwinda penye chambo ni kosa?”

“Aa, nani atapanda huko kuchungulia?”

Na dada yetu Darlene amesimama mlangoni, anacheka! Nilimpigia askari wa wanyamapori palepale, mbele yao. Royce akatozwa faini, na ukingo wetu ukafungwa. Tangu hapo Darlene hanisemeshi. Basi asinisemeshe.

Baba hakugomba. Alikaa kitandani, akavua buti polepole, akageukia ukuta. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nikaenda ng'ambo ya kijito kwa Bibi Opal Sizemore, nikamwomba msitu wake. Akasema, “Mlete babako, mwanangu. Hao ndege wananichakuria bustani bure.”

Sikuwa nimepachunguza, nikabahatisha tu. Juno alilikuta kundi nyuma ya ghala bovu, akalitawanya kila upande. Tukaketi, migongo kwenye mti. Baba akapuliza. Kimya. Akapuliza tena, na kwa mbali kinda akajibu. Akaja kwa miguu kati ya majani makavu, anasimama, anaita, anasogea. Baba hakumwona vizuri. Alimfuata kwa sikio mpaka akawa karibu kabisa. Risasi moja, Kaka. Mikono yake ilitulia kama zamani.

Sasa sikia ujeuri. Jumapili, kwenye chakula cha kanisani, Royce anawasimulia watu jinsi yeye na Baba walivyompata huyo ndege! Nikainuka nimuumbue, Baba akanishika mkono. Akauliza kwa upole, “Royce, alikuja akiruka, au kwa miguu?”

“Akiruka, mzee! Akatua mbele yetu puu!”

Baba akaendelea kukata nyama yake. “Alikuja kwa miguu,” akasema.

Royce alibeba sahani yake akaenda kumalizia chakula garini.

Nisalimie Wifi Janelle na wanao wote. Bibi Opal naye anakukumbuka. Mungu awafunike huko kwenye theluji, na akulete nyumbani Baba angali anauona uso wako.

Dada yako akupendaye, hata akiwa na hasira,
Maylene