Gari ya Kulala Anayoitaka Haji

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia tena, najua, lakini sijawahi kusema nawe bila ya kuanza na hiyo, na leo nnaogopa kiasi ambacho sitaki kubadilisha kitu.

Unaikumbuka siku uliyonichukua bandarini Malindi, hapa Unguja, bila ya kuniambia tunakwenda kufanya nini? Tulisimama juani mpaka ikatolewa ile gari nyeupe uliyokuja kuwapakilia watalii. Ukaizunguka, ukaipapasa milango, ndipo ukasema, "Hii yetu." Hata mama alikuwa hajui. Jioni ukasomesha dua uani kwetu Mpendae, tukala halua na kahawa, na majirani wakaja kukupa hongera huku wamenuna kidogo kwa kufichwa. Nikakuuliza siri yote ile ya nini. Ukacheka. "Gari ikiwa bado iko njiani haisemwi, mwanangu. Watu wana macho."

Mdogo wangu Haji wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni, lakini hilo kalirithi zima zima.

Sasa na yeye anataka kuagiza gari kutoka Japani. Si kama yako. Hii ni gari ya kulala, ndani mna kitanda, jiko la gesi, sinki na vipazia vidogo. Anasema wageni wataikodi, watazunguka nayo kisiwa, leo walale Matemwe, kesho Jambiani, hoteli hawaitaki. Alinionesha picha kwenye simu, na sikufichi, nzuri. Kile kisinki nilikipenda mwenyewe.

Lakini gari hizo ni za kutafuta kwa tochi. Kila akiiona moja, akiamka asubuhi ishachukuliwa. Na bei yake ungeshika kichwa, Baba, mtu angepata gari mbili za kawaida na chenji ikabaki. Hapo bado meli, bado ushuru, na ushuru huujui sawasawa mpaka gari ishushwe. Sasa kaipata moja, muuzaji anataka pesa wiki hii, na pesa Haji hana. Alichokiona yeye ni kuiuza nyumba yako ya Mpendae, na mnunuzi keshampata.

Nyumba ni yetu warithi watatu, mama, yeye na mimi, na haiuzwi mpaka sote tukubali. Alikuja kwangu kwanza, akafunga mlango. "Dada, usimwambie mtu mpaka ishuke bandarini." Nilipomsikia yeye nilikusikia wewe, ndiyo maana nikanyamaza. Nikawa napika naunguza. Mume wangu akiniuliza nna nini, namwambia kichwa kinaniuma.

Juzi nikashindwa. Nikenda kwa Bi Rukia, jirani yake mama, ambaye mwanawe aliwahi kusema ataingia kwenye biashara ya magari, halafu tusisikie tena. Nikamzungukazunguka, biashara ile vipi siku hizi. Akaniangalia mpaka nikaona haya.

"Yetu haikufika," akasema. "Tulituma pesa yote, muuzaji akazima simu. Wakati tunaagiza hatukumwambia mtu kwa kuogopa jicho. Tulipoibiwa hatukumwambia mtu kwa aibu."

Kakaa na hilo ukuta kwa ukuta na mama, na sisi hatujui. Nikawaza ni nyumba ngapi mtaani pale zimenyamaza hivyo hivyo. Wewe siri yako ilikuwa na salama yake, maana uliyemwagiza alikuwa rafiki yako anayeishi kulekule Japani. Huyu wa Haji, Haji hajamsikia hata sauti.

Nikamwambia Haji yaliyompata Bi Rukia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Ushaitia jicho," akasema. "Ikipotea, ni wewe." Tangu hapo usingizi sina. Nikikubali, naiona nyumba imekwenda na gari haipo. Nikikataa, nimemzibia ndugu yangu riziki. Na ipo sehemu ndani yangu, mtu mzima mimi, inayoogopa kwamba labda kweli nimeitia jicho.

Jana baada ya Alasiri nikamweleza mama kila kitu, na habari ya Bi Rukia pia. Niliamini atakataa. Nyumba ile aliingia bi harusi. Alikuwa anachagua mchele, na hakuacha.

"Na mtu analala kweli humo?"

"Analala, mama. Mna kitanda."

"Cha watu wangapi?"

"Wawili."

Akaitikisa sinia yake, akatoa kijiwe, akakitupa. "Basi. Mambo yakiharibika, mimi na Haji tutalala humo. Wewe una mumeo."

Hakuwa anatania, Baba. Nshamweleza kwamba gari yenyewe huenda isije, na bado keshajipangia pa kulala ndani yake. Niliinuka nikenda kujifanya nachota maji.

Kwa hiyo limebaki neno langu. Haji anakuja leo jioni kulichukua. Nitamwambia hapana, nitamwambia mbele ya mama, na huenda wakanuna wote wawili na mlango ule nikawa naupitia kama mgeni. Mchana huu nimeshakwenda Mpendae mara mbili bila ya sababu, kuhakikisha tu kwamba mama bado yumo.

Mola akupe kauli thabiti huko uliko. Mimi niombee, nna hofu.

Binti yako